Kinu Ambacho Leza Haikukiona

Kazi yangu ni kupima mlima kabla haujawa shimo, kisha kulipima shimo. Mimi ni mtopografu wa migodi, makao yangu Lubumbashi, na huu ni mwaka wa 11 tangu nianze kusimamisha skana ya leza kwenye kingo za machimbo ya wazi ya Katanga. Kila mwisho wa mwezi mwenye mgodi anataka kujua ametoa mita ngapi za ujazo, rundo la mawe ya madini limepanda au limeshuka, ukuta wa shimo umesogea au umetulia. Leza inajibu yote hayo. Kwa miaka mingi niliifanya kazi hiyo kwa furaha na bila maswali, mpaka nilipokutana na jiwe moja.

Lilikuwa kwenye kilima kidogo, mwendo wa saa 3 kwa gari kutoka mjini, ndani ya eneo ambalo mgodi ulikuwa unajiandaa kulipanulia shimo lake. Sikutumwa kupima jiwe. Nilitumwa kupima uso wa kilima chote kabla ya baruti, ili baadaye ijulikane kimeondolewa kiasi gani. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua za mwisho, nyasi zinafika kifuani. Msaidizi wangu alikuwa anafyeka mahali pa kuweka mipira myeupe tunayotumia kuunganisha vipimo, panga lake likagonga mwamba. Tukaondoa nyasi, tukafagia udongo kwa matawi. Mwamba ulikuwa mpana kama sebule, umelala karibu sawa na ardhi, na juu yake umejaa mashimo. Niliyahesabu: 14. Mengine mapana na mafupi kama sahani, mengine ya mviringo yanayoshuka chini, kuta zake laini kama ndani ya chungu. Mvua haitoboi mwamba wa kilimani namna hiyo.

Bibi mmoja alikuwa anapita na mjukuu wake, wanatoka shambani, beseni la mihogo kichwani. Tulimwamkia, tukamwita Nkambo kama tunavyowaita bibi wote kwetu, tukamuuliza. Hakushangaa hata kidogo. Alitua beseni, akatueleza kwamba kijiji cha zamani kilikuwa nyuma ya kilima, kabla watu hawajahamishiwa kando ya barabara, na wanawake walipanda hapa asubuhi kutwanga mtama. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye shimo lenye kina kuliko yote, limejaa maji ya mvua ya usiku, akainama na kuzamisha mkono hadi karibu na kiwiko.

"Hii njo kinu ya mama yangu," akasema.

Nikamuuliza nani alikitoboa. Akajibu kwamba mama yake alikirithi kwa bibi yake, na bibi naye alikuwa akisema alikikuta. Basi. Akapandisha beseni lake, akaenda.

Jua lilikuwa linashuka na betri imebaki robo tu. Nilifanya jambo ambalo halikuwemo kwenye karatasi ya kazi: nikaisogeza skana hadi kwenye mwamba, nikaupima kutoka pande nne.

Kwa asiyewahi kuiona, skana ni kisanduku chenye ukubwa wa redio ya zamani, kimekaa juu ya miguu mitatu. Ndani kuna kioo kinachozunguka kwa kasi huku kisanduku chenyewe kikijigeuza polepole. Kinarusha mwanga, mwanga unagonga jiwe na kurudi, na mashine inapima muda uliopita. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Jiwe likiwa mita 15 mbele yako, safari ya kwenda na kurudi inachukua sekunde moja iliyogawanywa mara milioni 10. Ukitaka kutofautisha milimita moja, unazungumzia vipande 7 hivi vya sekunde iliyogawanywa mara trilioni. Mashine inarudia hesabu hiyo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kila jibu linakuwa nukta moja yenye mahali pake hasa. Mamilioni ya nukta hizo zikikusanyika tunaziita wingu. Ukilizungusha wingu kwenye kompyuta unauona mwamba kama vile umeuzunguka kwa miguu, na unaweza kupima upana wa mkwaruzo bila kuugusa.

Lakini leza haioni nyuma ya kitu. Kilichofichwa na bonge la jiwe kinabaki kivuli, ndiyo sababu tunahamahama na kisha kuyaunganisha mawingu kwa kutumia ile mipira myeupe, ambayo inaonekana kutoka kila upande. Vumbi linaisumbua. Vioo vinaidanganya. Na maji, maji yanaimeza au kuirusha kwingine isirudi.

Nililielewa hilo la maji vizuri ofisini Jumatatu. Wingu lilifunguka na nikafurahi kama mtoto: mashimo 13 yamekaa kamili, ukingo wa kila moja, mpaka ule mteremko mdogo upande ambao mwanamke alipiga magoti, miaka na miaka, hadi jiwe likamezwa na magoti. Moja lililobaki lilikuwa duara jeusi. Hakuna nukta hata moja ndani yake. Kinu cha mama yake Nkambo kilikuwa kimejaa maji, na mimi, katika haraka yangu ya kuiwahi betri, sikuchukua kikombe kuyachota.

Nilijiambia nitarudi kiangazi, kikiwa kikavu. Ratiba ya baruti ikasogezwa mbele. Baada ya wiki 3 nilitumwa tena kupima, na safari hii nilikuwa napima shimo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu watu wanaopima mawe ya kale kwa leza. Jambo la kwanza nililogundua lilinigusa moja kwa moja: mashine hii haikuzaliwa kwa ajili ya makumbusho. Ben Kacyra, mhandisi mzaliwa wa Mosul, Iraki, aliiunda na wenzake huko California katika miaka ya 1990 kwa ajili ya viwanda na mitambo, ambako mabomba yamebadilishwa mara nyingi kiasi kwamba michoro ya zamani haifanani tena na kilichopo. Yaani ilikuwa mashine ya watu kama mimi. Mwezi wa tatu mwaka 2001 Taliban walizilipua sanamu mbili za Buddha za Bamiyan, Afghanistan, moja ya mita 55 na nyingine ya mita 38, zilizokuwa zimechongwa kwenye mwamba karibu miaka 1,400 kabla. Kacyra alikuwa na mashine ambayo ingeweza kuzipima, na hakuna aliyeipeleka. Mwaka 2003 yeye na mkewe Barbara walianzisha CyArk, shirika la kupima urithi wa dunia kabla haujapotea. Utotoni baba yake alikuwa akimpeleka kuona magofu ya Ninawi, karibu na nyumbani kwao. Mwaka 2015 mafahali wenye mabawa wa lango la Ninawi walivunjwa kwa mashine za kutobolea. Naiwaza sana safari ile ya mtoto na baba yake.

Ninawi iko mbali na sisi. Kilwa iko karibu zaidi, na Kilwa niliiona kwa macho yangu. (Sisi nasi Katanga tuna Kilwa yetu, kando ya ziwa Mweru. Nilipokuwa shule ya msingi nilidhani hakuna nyingine duniani.) Mjomba alikuwa na gari bandarini Dar es Salaam na alitaka mtu wa kumsaidia kulileta, kwa hiyo tulipita Kasumbalesa, tukaikata Zambia hadi Tunduma, siku baada ya siku kwenye basi. Karatasi za bandari zikachelewa. Badala ya kukaa gesti nikisubiri, nikashuka kusini hadi Kilwa Masoko, nikapanda mashua kwenda kisiwani.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, ile kubwa yenye matao na kuba ni ya karne ya 14, wakati Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipokuwa akijenga pia Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pande nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331. Mimi ni mtoto wa mji wa shaba, kwa hiyo nilisimama kwa muda mrefu nikiwaza kwamba masultani wa hapo walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na kwamba sarafu moja ya al-Hasan iliokotwa mbali sana bara, Great Zimbabwe. Kisha nikapelekwa Gereza, ngome ya ufukweni ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 na ambayo baadaye Waomani waliijenga upya. Bahari imekula upande wake mmoja. Unaona ukuta mnene, halafu unaona hewa.

Niliporudi Lubumbashi nikakuta kwamba magofu hayo yameshapimwa kwa leza na mradi wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulioanzishwa mwaka 2004 na Profesa Heinz Rüther. Waliuita Zamani, kwa lugha yetu. Wamezunguka Afrika na skana zao: Songo Mnara, makanisa ya Lalibela yaliyochongwa ndani ya mwamba, Timbuktu, Great Zimbabwe. Nilikaa usiku mzima nikizungusha mawe niliyoyashika kwa mkono wiki chache kabla.

Hapo ndipo nilipoona kwamba ninayajua mambo haya kuliko nilivyodhani. Kwenye mgodi, ukuta wa shimo tunaupima leo, tunaupima tena mwezi ujao, tunayalaza mawingu mawili moja juu ya jingine na kupima tofauti yake. Palipotulia panakuwa kijani. Paliposogea hata upana wa kidole panakuwa pekundu, na tunawaondoa wafanyakazi chini yake. Ukuta wa Gereza unaweza kuchungwa vivyo hivyo. Unesco iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaingiza kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Fundi anayetia chokaa mpya kwenye tao la karne ya 14 anahitaji kujua tao hilo lilikaaje kabla hajaligusa. Jicho linasahau, picha inapotosha vipimo. Wingu linamwambia.

Ila kuna kitu wingu haliwezi kukibeba, nami nataka kukisema bila kukizungusha, maana wauzaji wa mashine hizi wanapenda kukiruka. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala, yalipimwa kwa leza mwaka 2009. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 16 mwezi wa tatu, nyumba kuu iliungua. Ndani yake wamelazwa makabaka wanne. Wengi duniani waliposikia kwamba vipimo vipo walishusha pumzi, wakadhani kazi imebaki ya kuchapa nyumba upya. Lakini Kasubi ni nyumba ya miti, matete na nyasi, na kuezeka kwake ni jukumu la ukoo wa Ngeye. Namna ya kuchagua nyasi, kuzifunga, nani anaruhusiwa kupanda na nani haruhusiwi, hayo yamo mikononi mwa watu. Ukarabati ulichukua miaka mingi, na Kasubi ilitoka kwenye orodha ya hatari mwaka 2023. Wingu la 2009 linaonyesha umbo la nyumba ilivyosimama. Mikono ya Ngeye ndiyo inayojua nyumba inasimamaje.

Nkambo alipozamisha mkono kwenye maji, alifanya kazi ambayo skana yangu haikuweza kuifanya.

Sasa nieleze lililonipata mimi, kwa sababu naona haya kulisema na ndiyo sababu inanibidi niliseme. Faili la mwamba ule nililiacha kwenye seva ya kampuni, pamoja na vipimo vya kilima. Mradi ulipofungwa, faili zote zisizokuwa kwenye orodha ya malipo zilifutwa ili kupata nafasi. Hakuna aliyefanya ubaya. Lilikuwa faili lisilo na jina la kazi. Nilikuwa na nakala nyumbani kwenye diski ya nje. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu mara mbili mfululizo, na diski haikuwaka tena. Nilimpelekea fundi wa mjini, akaifungua, akatikisa kichwa. Nilihesabu: tangu nilipoupima mwamba hadi diski ilipokufa ilikuwa miezi 14. Mwamba uliovumilia vizazi vya michi, na wingu lake halikuvuka miezi 14.

Kilichobaki ni vitu viwili. Kwanza, nakala iliyopunguzwa sana, nukta chache kati ya kila mia, ambayo nilikuwa nimemtumia rafiki kwa barua pepe ili nimwonyeshe. Umbo linaonekana, magoti hayaonekani. Pili, daftari langu la kazi, lile la karatasi nene, lililoandikwa kwa penseli kwa sababu wino unayeyuka kwenye mvua. Ukurasa wa siku ile una mchoro mbaya wa mwamba, namba 1 hadi 14, na pembeni ya namba 9 nimeandika: "Maji. Mkono wa Nkambo, vidole 4 kabla ya kiwiko. Mama yake. Mtama." Ndicho kipimo pekee duniani cha kinu kile.

Nimeyaandika haya nikiwafikiria hasa wenzangu wa kazi, maana skana zipo hapa kwetu. Hatuhitaji kungoja timu kutoka nje. Kila asubuhi magari yanatoka Lubumbashi kwenda migodini yakiwa yamebeba mashine za bei kubwa na vijana wanaojua kuzitumia, na zinapita kando ya miamba ambayo hakuna aliyewahi kuitazama mara mbili. Katanga ina mawe yaliyochorwa. Pango la Kiantapo lina michoro ya mikwaruzo na vitone kwenye mwamba wake, na mwaka 1952 padre Mfaransa Henri Breuil alichapisha maelezo yake. Yalichapishwa Tervuren, Ubelgiji. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kuyasoma maandiko ya zama zile mara nyingi anaanza kwa kuomba viza au kwa kumwomba mtu wa huko ampigie picha. Sitaki kuona mawingu yetu ya nukta yakienda njia hiyohiyo, yakikaa kwenye seva ya nchi nyingine huku mtu wa kijiji kilichopimwa akiambiwa alipie ili alione jiwe la mama yake. Anayekuja kupima, awe mgeni au sisi wenyewe, aache nakala kamili hapa: makumbusho ya Lubumbashi, chuo kikuu, kwa chifu, hata kama ni diski tatu zilizofungwa kwenye mifuko ya plastiki katika nyumba tatu tofauti. Na kando ya kila wingu iwepo sauti ya mtu anayelijua jiwe, kwa lugha yake.

Tena si lazima iwe skana. Simu nzuri, picha 100 au 200 zinazopandana, unauzunguka mwamba polepole wakati wa mawingu ili vivuli visiwe vikali, na fimbo ya mita moja imelazwa pembeni ili vipimo viwe vya kweli. Programu za bure zinaziunganisha picha hizo kuwa umbo kamili. Usahihi ni mdogo kuliko wa leza, lakini ni mkubwa mno kuliko wa kutopima.

Hata hapa mjini nawaza hivyo kila ninapoutazama mlima wetu mweusi, Terili, mabaki ya matanuru yaliyoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Sasa wanauchukua tena kidogokidogo, kwa sababu ndani yake kuna kobalti ambayo wa zamani hawakuitaka. Naukumbuka mrefu kuliko ulivyo leo, lakini kumbukumbu ya mtoto si kipimo. Baba yangu angeweza kunionyesha kwa kidole ulifika wapi. Hayupo.

Mwezi wa saba nilirudi kwa Nkambo. Nilimpelekea sukari, chumvi na kitenge, nikakaa chini, nikamweleza kila kitu: maji, baruti, diski. Nilimwonyesha lile wingu jembamba kwenye kompyuta. Aliliangalia kimya, akauliza kwa nini mwamba una tundu katikati. Nikamwambia ndicho kinu cha mama yake, mashine haikukiona. Akacheka kidogo, akasema hata yeye siku ile hakukiona, alikijua tu.

Kisha akamwita mjukuu wake, yule yule wa beseni la mihogo, sasa msichana wa shule. Kuna mwamba mwingine, wakasema, upande wa mto, una vinu 6 na alama nyingine ambazo Nkambo hazijui kazi yake. Nimeshaongea na chifu. Tumekubaliana wiki ya pili ya mwezi wa nane, kila kitu kikiwa kikavu. Msichana atashika kinasa sauti. Mimi nitabeba betri tatu, diski tatu, na penseli. Na kikombe.